Bajeti ya mwaka haifiki Aprili. Mwapangaje?

mhasibu_changamwe:
Salaam wakuu. Kampuni yetu huagiza vigae, kontena mbili tatu kwa mwezi, na kuuza jumla hadi Voi na Malindi. Bajeti twaandika Desemba. Ikifika Machi dola, nauli ya meli na mafuta kila kimoja kimeshika njia yake. Bosi ataka tupange upya kila mwezi. Nachelea tutashinda tukipanga, kuuza tusiuze.

jahazi_na_hesabu:
Bajeti ya mwaka waachie benki. Ya kuendeshea kazi ni jedwali la wiki 13: kila Jumatatu wiki iliyopita yatoka, nyingine yaingia mwishoni. Humo andika pesa, si mauzo. Mteja wa mkopo muweke kwenye wiki aliyozoea kulipa, si ile aliyoahidi. Hapo ndipo majedwali mengi huongopa.

Pia hesabu gharama ya kontena hadi inapotoka bandarini. Tuseme mzigo, bima na nauli ni dola 20,000, ushuru asilimia 25, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) 16. Dola ikiwa 130 wahitaji shilingi 3,770,000. Ikiwa 160, ni 4,640,000. Pengo ni 870,000, wala si zile 600,000 za bei ya mzigo, kwa kuwa ushuru hukatwa juu ya thamani pamoja na nauli, na VAT juu ya vyote. Ada nyingine za forodha sijazitia. VAT utaidai baadaye, lakini siku ya kutoa mzigo lazima uwe nayo mkononi.

tausi_k:
Nakubali, ila jedwali peke yake halimzuii bosi kubabaika. Andikeni mapema nini kitafanywa, kwa nambari gani, na nani aamue. Mfano: dola ikipanda asilimia 3 ndani ya wiki mbili, bei zabadilishwa, ikifika 7, oda ijayo yakatwa nusu. Nambari isipoguswa, mpango hauguswi. Hiyo ndiyo dawa ya kupanga kila siku.

Na msiandike upande wa kupanda tu. Mapema 2024 shilingi ilitoka karibu 160 ikarudi 130 na kitu kwa miezi michache. Aliyejaza ghala kwa dola ya 160 alishindana na vigae vilivyoingia kwa bei ya chini. Kwa hiyo shilingi ikianza kupata nguvu, punguza stoki hata kwa faida ndogo.

mhasibu_changamwe:
Shukran. Na bei tunazowapa wateja zidumu muda gani?

jahazi_na_hesabu:
Siku 7, na iandikwe kwenye karatasi yenyewe. Ya usafirishaji ikome tarehe 14, maana EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei mpya ya mafuta siku hiyo. Mkandarasi akitaka bei ya miezi mitatu, alipe amana ya kutosha kununua dola za mzigo wake, nanyi mzinunue siku hiyo hiyo.