phpMyAdmin: watu wanne wote wanaingia kwa root, nawatenganishaje?

fundi_bondeni:
Salaam jamani. Kuna duka la spea hapa Mwembe Tayari nimepewa niwaangalilie sistimu, nimekuta keshia, mtu wa stoo, mhasibu na mwenye duka wote wako phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia databesi) kwa root, ile akaunti kuu yenye ruhusa zote, tena ukifungua haikuulizi chochote, waingia tu. Juzi bei za bearing zimebadilika hakuna ajuaye nani kazigusa. Nataka kila mtu na akaunti yake na duka lisisimame. Naanzia wapi?

dada_nyali:
Pole kaka. Kama haiulizi paswedi fungua config.inc.php, faili la mipangilio ya phpMyAdmin, utakuta auth_type (njia ya kuingia) ni 'config' na paswedi ya root iko hapo hapo wazi. Weka 'cookie', ifute hiyo paswedi, kila mtu ataulizwa jina lake. Halafu unda akaunti moja moja, zile ruhusa za juu za seva nzima usitiki hata moja, toa za jedwali tu, mfano hii ya kusoma (SELECT) na kuongeza (INSERT) mauzo:
GRANT SELECT, INSERT ON duka.mauzo TO 'keshia'@'localhost';
Bei keshia asome tu.

likoni_dev:
Na usiweke '%' (yaani kompyuta yoyote) kwenye host, ile sehemu ya baada ya @ inayosema mtu aunganisha kutoka mashine gani, kama phpMyAdmin iko seva moja na databesi. Watu hudhani keshia akiwa kompyuta nyingine lazima '%', siyo, anayeunganisha ni seva yenyewe kwa hivyo localhost (mashine hiyo hiyo) yatosha. Ujue pia 'keshia'@'localhost' na 'keshia'@'%' ni akaunti mbili mbali, ukibadili paswedi ya moja ile nyingine iko vile vile.

fundi_bondeni:
Ahsanteni sana, cookie imekubali. Sasa nibadili paswedi ya root?

dada_nyali:
Ngoja kwanza! Angalia ile programu ya kuuzia yaingia databesi kwa akaunti gani, nina hakika ni root pia. Iundie yake, uibadilishe kule, uijaribu wakati duka limefungwa, ndo uguse root. Ukianza na root asubuhi wateja wamepanga foleni na risiti hazitoki.

likoni_dev:
Na shekhe, akaunti peke yake hazitakwambia nani kabadili bei. Weka triga (amri inayojiendesha yenyewe jedwali likiguswa) kwenye jedwali la bei, kila UPDATE, yaani badiliko, iandike kwenye jedwali la kumbukumbu bei ya zamani, mpya, NOW() (saa) na USER() (aliyeingia). Siyo CURRENT_USER(), hiyo ndani ya triga hutoa jina la aliyeiunda. Hilo jedwali la kumbukumbu usimpe mtu ruhusa, triga hutumia ruhusa za aliyeiunda, itaandika tu.