Nina shahada ya kemia lakini sina ualimu: leseni, PGDE au kujitolea?

KemiaMoro
Wakuu, habari za saa hizi. Nina shahada ya sayansi, kemia ndiyo somo kubwa, na kozi kadhaa za hisabati nilizichukua pembeni. Nimefanya kazi maabara ya kiwanda mpaka mkataba ulipoisha. Tangu nikiwa chuo nafundisha tuisheni watoto wa mtaani kwetu, na sasa nataka kuwa mwalimu wa sekondari hasa, siyo kushika chaki huku nikisubiri kazi nyingine. Naona njia tatu: shule binafsi kwa leseni, kusoma PGDE (stashahada ya ualimu kwa mwenye shahada nyingine) kwanza, au kujitolea shule ya kata hapa jirani. Niko Morogoro, nina mtoto mdogo, na ada ya mkupuo sina. Ajira ya serikali baadaye naitaka. Nianzie wapi?

Chaki_na_Ubao
Dada karibu. Tenganisha kwanza mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: ruhusa ya kufundisha na sifa ya kuajiriwa.

Ruhusa iko kwenye Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Anayefundisha shuleni awe amesajiliwa kuwa mwalimu, au awe na leseni ya kufundisha. Leseni ndiyo mlango wa mtu kama wewe, mwenye somo lakini hana mafunzo ya ualimu. Inakuingiza darasani kihalali, ila haikufanyi mwalimu aliyesajiliwa.

Sifa ya kuajiriwa ni habari nyingine. Serikalini mwenye shahada anaingia Mwalimu Daraja la III C, mshahara TGTS D, yaani ngazi ya D ya mishahara ya walimu serikalini. Anayetakiwa ni mwenye shahada ya ualimu, au mwenye shahada nyingine pamoja na Stashahada ya Uzamili ya Elimu, yaani hiyo PGDE. Ukifundisha kwa leseni miaka mingi kiasi gani, miaka hiyo haigeuki kuwa PGDE.

Kwa hiyo PGDE hukwepi. Swali lililobaki ni utaisoma lini na utakula nini wakati unaisoma.

MamaWatatu
Mimi nilisoma nikiwa kazini, Chuo Kikuu Huria. Shule binafsi ilinichukua nifundishe biolojia, jioni nikawa nasoma na mitihani nikafanyia kituo cha mkoa. Kwa mwenye mtoto hii ndiyo njia naipendekeza bila kusita. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina PGDE, lakini hapo ujipange kwa maisha ya Dar.

Usingoje kusikia mazuri tu. Shule yangu ya kwanza ilinipa vipindi vingi kuliko wenzangu wenye ualimu, mshahara mdogo kuliko wao, na mkataba nikawa naahidiwa kila muhula. Mdogo wangu, usiingie darasani kabla hujashika karatasi. Mambo matatu yaandikwe: mshahara kwa mwezi, idadi ya vipindi kwa wiki, na ruhusa ya kwenda kwenye mitihani na BTP, yaani mazoezi ya kufundisha. Hilo la BTP nalisisitiza, maana ni wiki za mazoezi darasani zenye mkaguzi, na kuna mameneja wa shule wanaokataa kukuachia.

Mdau_Kilosa
Naona kujitolea kumedharauliwa hapa. Shule za kata zina njaa ya walimu wa sayansi. Ukimwendea mkuu wa shule na kemia na hisabati atakupokea kwa mikono miwili, na utajifunza darasa la watoto wengi, ambalo shule binafsi huwezi kulipata.

Chaki_na_Ubao
@Mdau_Kilosa sijadharau, ndugu. Ila posho ya kujitolea mara nyingi inategemea michango ya wazazi, na wazazi wenyewe unawajua. Mwenye mtoto na kodi ya nyumba atajitolea mpaka lini? Siku mbili kwa wiki sawa, na apitie kwa mkuu wa shule na halmashauri ijue. Kulifanya ndiyo njia yake kuu siungi mkono.

Mstaafu_Iringa
Wanangu, nimesoma yote. Nimeanza kazi enzi za UPE, elimu ya msingi kwa wote, miaka ya sabini, vijana waliomaliza darasa la saba walipoitwa wafundishe huku wanajifunza ualimu vijijini. Baadaye, MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, ilipoanza mwaka 2004 na shule za kata zikachipua kila kona, wakaja wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya muda mfupi mno. Mtaani wakaitwa vodafasta, kama ile huduma ya kuongeza salio la simu haraka. Jina lile liliwaumiza, na wengine walikuwa walimu wazuri sana. Waliobaki na kupanda ni wale waliorudi vyuoni. Niliwasimamia, nawajua.

Binti, kemia unaijua. Usichokijua bado ni kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, kutunga mtihani unaopima, na kumtambua mtoto aliyekaa kimya kwa sababu hakuelewa tangu wiki iliyopita. Hayo yanafundishika. Usiyachukulie kama karatasi ya kuombea ajira tu.

Msomi_Eldoret
Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu mambo ni magumu zaidi. Sheria ya TSC, tume ya kuajiri walimu, ya mwaka 2012 inataka uwe umesajiliwa kabla ya kufundisha, na PGDE peke yake haitoshi: wanarudi hadi KCSE yako, mtihani wa kumaliza sekondari, C+ kwa jumla na C+ katika masomo mawili utakayofundisha. Kuna watu wamelipa karo yote ndipo wakagundua. Angalia masomo yako mawili kabla ya kulipa chochote.

KemiaMoro
Asanteni sana, na mzee shikamoo. Hapo kwa masomo mawili nimeshtuka kidogo. Hisabati ni kozi chache tu. Je, zitahesabika?

Chaki_na_Ubao
Hapo usitegemee sisi. Chukua transkripti yako uende kituo cha Huria hapo Morogoro, wakuambie kabla hujanunua fomu kama hisabati inakubalika kuwa somo la pili. Wakikataa, bado una Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi hapo hapo mjini. Kile kinaandaa walimu wa VETA, vyuo vya ufundi stadi, na uzoefu wako wa maabara ya kiwanda unaweza kukusaidia huko kuliko sekondari.

MamaWatatu
Na barua za maombi kwa shule binafsi zipeleke kuanzia Oktoba, ndipo wanapopanga walimu wa Januari. Nitumie ujumbe wa pembeni, nikupe mfano wa mkataba wangu wa pili. Ule ulikaa vizuri.