Ireland: Wakatoliki walipotezaje ardhi wakati wao ndio walikuwa wengi?

Swali
Wakuu, kila nikisoma habari za Ireland naambiwa ni ugomvi wa dini. Sasa wengi walikuwa Wakatoliki. Waliwezaje kubaki karibu bila ardhi? Na Wapresbiteri, Waprotestanti wasio Waanglikana, walikuwa upande gani?

Jibu 1
Sehemu kubwa ilitwaliwa kwa vita. Mwaka 1641 Wakatoliki walimiliki takribani asilimia 59 ya ardhi; baada ya Cromwell, jemadari Mwingereza aliyeivamia Ireland, kisha kushindwa kwa James II, mfalme Mkatoliki wa Uingereza, kufikia 1703 walibaki na kama 14. Sheria ya 1704 ya kuwabana Wakatoliki ikaja kumalizia. Mkatoliki akifa, shamba lilikatwa sawasawa kwa wana wote wa kiume, apende asipende. Chukua eka 600 na wana watatu kila kizazi: mjukuu anapata kama 67. Ila mwana wa kwanza akiingia Kanisa la Ireland, yaani Anglikana, anarithi zote. Akiingia baba angali hai, baba anabaki mtumiaji tu, hawezi kuuza wala kuweka rehani. Kununua ardhi marufuku, kukodi mwisho miaka 31. Ndiyo maana koo nyingi zenye mali zilihama kanisa.

Jibu 2
Mkuu hapo juu umemaliza upande wa mirathi. Kuhusu Wapresbiteri, sheria hiyohiyo iliwabana nao: mwenye cheo cha umma alitakiwa kushiriki Meza ya Bwana kwa utaratibu wa Kianglikana, wakang'olewa kwenye mabaraza ya miji ya Ulster, jimbo la kaskazini. Zaka kwa kanisa lisilo lao walilipa pia. Kwa hiyo usishangae kwamba umoja wa United Irishmen, ulioongoza uasi wa 1798 dhidi ya utawala wa Uingereza, ulianzia Belfast mwaka 1791, wengi wa waasisi wakiwa Wapresbiteri, pamoja na Wolfe Tone aliyekuwa Mwanglikana. Uasi huo ukiusoma kama Wakatoliki dhidi ya Waprotestanti, utaupotosha, ingawa kule Scullabogue, Wexford, waasi walichoma ghala lenye wafungwa ambao wengi wao walikuwa Waprotestanti.

Jibu 3
Naongeza jambo linalorukwa sana. Daniel O'Connell, mwanasheria Mkatoliki, alishinda uchaguzi wa ubunge wa Clare mwaka 1828, na 1829 Wakatoliki wakaruhusiwa kuingia bunge la Uingereza. Lakini papo hapo kiwango cha mali cha mpiga kura wa vijijini kilipandishwa kutoka shilingi 40 (pauni 2) hadi pauni 10, na wakulima wadogo waliompa ushindi wakapoteza kura. Ardhi yenyewe ilirudi kwa wingi baada ya Sheria ya Wyndham ya 1903: serikali ilimkopesha mpangaji bei yote ya shamba, naye akairejesha kwa asilimia 3.25 kila mwaka, kwa miaka 68 na nusu.