Mjadala: Myron Scholes baada ya LTCM kuanguka, alaumiwe au aachwe na Nobel yake?

MTOA MADA
Wakuu, salaam. Juzi nilibishana na jamaa yangu mhasibu mpaka chai ikapoa, nikaona nilete hapa. Yeye anamwona Myron Scholes kama msomi aliyeipa dunia hesabu bora kabisa ya fedha. Mimi naona sifa alichukua yeye, moto wakauzima wengine.

Kwa asiyemjua: ni Mkanada, mzaliwa wa Timmins, Ontario, 1941, na udaktari wake aliupata Chicago 1969. Mwaka 1973 yeye na Fischer Black walichapisha kanuni ya kukokotoa bei ya opsheni, Robert Merton akaipanua mwaka huohuo. Oktoba 1997 Scholes na Merton wakapewa Nobel ya uchumi. Black alishafariki 1995, na marehemu hapewi. Wakati huo wote wawili ni wabia wa LTCM, mfuko wa uwekezaji uliokuwa Greenwich, Connecticut. Mwaka haujaisha, mfuko uko chali: Septemba 1998 Benki Kuu ya Marekani, tawi la New York, inawaita wakubwa wa mabenki, 14 wanachanga karibu dola bilioni 3.6 kuuokoa. Jina la msomi huyu libaki safi?

MUUZA KOROSHO
Kabla hamjarushiana maneno, opsheni ndiyo nini?

MWALIMU WA HESABU
Kiwanja cha milioni 20. Unampa mwenyewe laki tano akushikie miezi mitatu kwa bei hiyohiyo. Kikipanda hadi 25, unalipa 20 unachukua. Kikishuka, unaondoka, laki tano imekwenda. Wazee wa pwani wana neno arbuni, ila arbuni hukatwa kwenye bei, ya opsheni haikatwi.

Sasa laki tano ni halali au umepigwa? Kanuni inajibu hapo, na utamu wake ni kwamba haikuulizi kama unadhani bei itapanda. Inataka vitu vitano: bei ya leo, bei mliyokubaliana, muda, riba, na bei inavyoyumba. Vinne unavisoma tu. Cha tano unakadiria.

Na msidhani walipokelewa kwa zulia. Makala yao ilikataliwa na majarida, mpaka Eugene Fama na Merton Miller, wachumi wa Chicago, wakaisemea. Ilipotoka, soko la opsheni la Chicago lilikuwa limeshafunguliwa Aprili mwaka huo. Kumlaumu Scholes kwa LTCM ni kumlaumu mhunzi kwa sababu mtu kakatwa na panga.

MKAGUZI
Mwalimu, heshima yako, ila mfano wa panga haukai. Mhunzi huyu panga alilishika mwenyewe.

Angalia vitabu vyao. Mwanzoni mwa 1998 mtaji ulikuwa kama dola bilioni 4.7, mikopo zaidi ya bilioni 120. Ni sawa na mwenye laki moja aliyekopa milioni mbili na nusu. Mali ikishuka asilimia 4 tu, hana kitu. Agosti 17 Urusi ikagoma kulipa hatifungani zake, yaani hati za madeni ya serikali, kila mtu duniani akakimbilia kwenye usalama, na biashara walizodhani hazihusiani zikazama pamoja. Zaidi ya bilioni nne zilikwenda. Kanuni ya 1973 haikumtuma mtu kukopa hivyo.

MWALIMU WA HESABU
Basi umenisaidia. Kosa ni mkopo, kanuni haina kosa.

MKAGUZI
Kanuni sina ugomvi nayo, nina ugomvi na mtu. Kuna na kesi ya kodi: wabia walitaka hasara ya dola milioni 106 ipunguze kodi yao. Mwaka 2004 mahakama ya shirikisho Connecticut ikakataa na kuongeza faini. Scholes alitoa ushahidi, na ndiye aliyeandika pamoja na mwenzake kitabu cha chuo kuhusu kodi na mikakati ya biashara! Hapo huwezi kusema hakujua.

MTOA MADA
Mimi nalegeza kidogo. Nobel siigusi, ilitolewa kwa kazi ya 1973 na kazi ile bado inasimama. Black, ambaye LTCM hakuwamo, aliandika mwenyewe makala kuonyesha mashimo ya kanuni yao. Ninachokataa ni kwamba ukijua bei ya hatari basi unajua kuishi nayo. Scholes alianzisha mfuko mwingine, Platinum Grove, na 2008 nao ukazuia wawekezaji kutoa fedha zao. Hao wawekezaji ndio sijawaelewa mpaka leo.

MUUZA KOROSHO
Mimi nimebaki kwenye kiwanja. Mwalimu, hiyo laki tano mwenye kiwanja alitakiwa adai ngapi?

MWALIMU WA HESABU
Niambie kwanza bei za viwanja huko kwenu zinayumba kiasi gani.

MUUZA KOROSHO
Inategemea unamuuliza dalali yupi.