Baba kaletewa skuta ya umeme, aanzeje kujifunza?

Binti_Kihesa: Wakuu shikamooni, baba angu miguu haina nguvu, kaletewa skuta ya umeme ya matairi manne, sasa huku Iringa vilima vitupu naogopa atabiringika nayo

Fundi_Uyole: Marahaba. Aanzie uwanja mkavu tambarare, spidi alama ya kobe sio sungura. Akiachia kile kidude cha spidi breki inajikamata yenyewe, arudie hilo mpaka mkono uzoee maana mtu akishtuka ndo anang'ang'ania. Azime ufunguo kabla ya kupanda au kushuka

Mjukuu_Mwanjelwa: Kilima apande moja kwa moja asikate ubavu. Na leva ya kusukumia kwa mkono msiiguse kwenye mteremko, breki ya mota inaachia kabisa!! ya bibi ilianza kutoroka nikaidaka kwenye kiti

Binti_Kihesa: Asanteni sana, jioni naanza nae