Moro–Dar kwenda na kurudi siku moja: treni au basi?

Wakuu, nataka niende Kariakoo nimchukulie mama vitenge vya duka, jioni niwe Moro. Nipande nini?

— SGR, treni ya umeme, mkuu. Masaa mawili hivi, foleni ya Kimara utaisikia redioni. Daraja la kawaida nauli 13,000. Kata na ya kurudi kabisa, na usisahau kitambulisho.

— Ukishuka, wale boda wa getini wapite tu, wakikuona na begi bei inapaa. Kariakoo unatembea. Vitenge anzia Mtaa wa Uhuru.

— Asanteni. Na robota la vitenge?

— Hapo sasa! Ukaguzi stesheni kama uwanja wa ndege. Robota lipakie basi, wewe rudi na treni.

— Haya, mama kasema nisilale huko.