MALALAMIKO: Acheni kung'oa lebo za miavuli ya kijeshi na kuiuza kwa jina la Kolwezi

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Wapo wauzaji wa vifaa vya kale vya askari wa miavuli (parachuti) wanaong'oa lebo za kiwandani, wanatupa kadi za ukunjaji, kisha wanaviuza vifaa hivyo kwa jina la vita ambavyo havikuvihusu hata kidogo. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba humu ndani wapo wanaojiita wataalamu ambao, wakioneshwa picha moja iliyopigwa kwa mbali, hutoa hukumu papo hapo kwamba kifaa ni halisi, na hukumu hiyo muuzaji huichukua na kuibandika kwenye tangazo lake kana kwamba ni cheti.

Kisa chenyewe ni hiki. Mkusanyaji mwenzetu wa Lubumbashi, mzee ninayemheshimu sana, ambaye amekuwa akikusanya kumbukumbu za vita vya Shaba, yaani mapigano ya 1977 na 1978 katika mkoa wa Shaba (Katanga) wa Zaire, Kongo ya leo, kwa fedha zake mwenyewe, aliuziwa na duka moja la Ulaya, ambalo sitalitaja, mwavuli kamili pamoja na mikanda yake, mfuko wa mgongoni na mwavuli wa akiba. Tangazo lilidai kwamba mwavuli huo ulitumiwa na Lejioni ya Kigeni ya Ufaransa kuruka Kolwezi, mji wa mkoa huo, tarehe 19 Mei 1978, na bei ilipangwa kulingana na dai hilo. Mzee aliniomba niukague. Mihuri iliyo kwenye ukingo wa kitambaa ni ya Kifaransa, na maandishi yote ya mfuko ni ya Kifaransa. Nilipomwandikia muuzaji kumhoji, alinijibu kwa dharau kwamba mihuri hiyo ndiyo ushahidi wenyewe, kwa kuwa wanajeshi walikuwa wa Ufaransa na mwavuli ni wa Ufaransa. Wachangiaji kadhaa wa humu wakamuunga mkono.

Naomba hapa nisomwe kwa makini: mihuri hiyo ya Kifaransa ndiyo inayolibomoa dai lake. Kikosi cha 2e REP, yaani kikosi cha miavuli cha Lejioni kilichoruka siku ile, kilichoongozwa na Kanali Philippe Erulin, kilisafirishwa kwa haraka kutoka Corsica hadi Kinshasa, na huko kilipewa miavuli ya jeshi la Zaire, ambayo ilikuwa ya Kimarekani, aina ya T-10. Jambo hili linajulikana vizuri kwa yeyote aliyesoma habari za operesheni ile, kwa sababu liliwatesa sana wanajeshi wenyewe: kulabu za mifuko yao ya vifaa zilitengenezwa kwa ajili ya mikanda ya Kifaransa, hazikuoana na mikanda ya Kimarekani, ikawabidi wabuni njia za kuifungia kabla ya kupanda ndege. Kwa hiyo mtu anayeuza mwavuli wa Kifaransa na kudai kwamba uliruka Kolwezi siku ile ama hakusoma lolote, ama amesoma na anawadanganya watu kwa makusudi. Na kwa kuwa nimeshaanza, niongeze kwamba makomando wa Ubelgiji waliofika Kolwezi tarehe 20 Mei walishushwa na ndege uwanjani, hawakuruka, hivyo hata ule "mwavuli wa Kibelgiji wa Kolwezi" uliowahi kutangazwa hauna msingi. Anayetafuta mwavuli wa Wabelgiji waliorukia ardhi ya Kongo arudi mwaka 1964, walipoiangukia Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, tarehe 24 Novemba, na Paulis, yaani Isiro, siku mbili baadaye.

Sasa nije kwenye lebo, maana hapo ndipo penye uovu wenyewe. Lebo ya mwavuli wa kijeshi kwa kawaida hutaja aina ya kifaa, namba yake, jina la mtengenezaji na tarehe ya kutengenezwa, na mara nyingi hutaja pia namba ya mkataba wa serikali iliyouagiza. Kwenye mfuko huwa kuna kijimfuko kidogo cha kadi, ambamo mkunjaji alikuwa akiandika tarehe ya kila mkunjo na kutia sahihi. Vitu hivi viwili vikiwepo, ubishi mwingi unakwisha. Kwenye mwavuli wa mzee wetu, mahali pa lebo kumebaki mstatili wa kitambaa chenye rangi iliyokoza kuliko sehemu nyingine, kwa sababu hakikuchujuka kwa jua, na kuuzunguka mstatili huo matundu ya sindano yanaonekana safi, bila uzi hata mmoja uliobaki na bila kitambaa kuchanika. Muuzaji anasema jeshi ndilo lililoiondoa lebo wakati wa kufuta kifaa, yaani kukiondoa kwenye matumizi. Najua majeshi huharibu miavuli yanapoifuta ili isirukiwe tena, lakini kazi hiyo hufanywa kwa kukata mikanda au kamba kwa kisu, mara moja, bila kujali sura. Hapa mikanda yote ni mizima na kamba zote ni nzima, ila lebo peke yake imefumuliwa mshono kwa mshono na mtu aliyekuwa na muda na aliyejua anachokificha. Ninaamini kilichofichwa ni tarehe.

Hata bila lebo, zipo njia za kujua ukweli, na hakuna hata moja inayohitaji kubahatisha. Hesabuni kamba. T-10, iliyoingia katika jeshi la Marekani miaka ya 1950 kuchukua nafasi ya T-7, ina kitambaa cha futi 35 na kamba 30, ilhali T-7 na T-5 iliyoitangulia zina kitambaa cha futi 28 na kamba 28. Tazameni namna mikanda inavyofungwa: Mmarekani aliyetua Normandy Juni 1944 akiwa na T-5 alikuwa na vifungo vitatu vya kuhangaika navyo, kimoja kifuani na viwili miguuni, wakati Mwingereza alikuwa na bizimu moja ya mviringo iliyozungushwa na kupigwa kwa ngumi, mikanda yote ikaachia kwa pamoja. Tazameni pia kama kuna mwavuli wa akiba. Waingereza hawakuruka na mwavuli wa akiba katika Vita vya Pili vya Dunia, na bado mwaka huu tumeoneshwa humu "seti kamili ya Mwingereza wa Arnhem, Septemba 1944" (Arnhem ni mji wa Uholanzi walikoruka Waingereza) yenye mwavuli wa akiba kifuani, ikasifiwa na watu ambao hawakuuliza swali hata moja.

Kuhusu hariri nitasema machache. Kila kitambaa cheupe chenye kung'aa huitwa hariri ili bei ipande, ingawa Marekani ilikosa hariri ya Japani na kuhamia nailoni, na Adeline Gray aliruka kwa mwavuli wa nailoni huko Connecticut mnamo Juni 1942. Uzi mmoja uliokwisha kulegea ndani ya mshono unatosha kupima: hariri ikiguswa na moto hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni, nailoni huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Msikate kitambaa chenyewe, tafadhali.

Lipo jambo jingine ambalo limeniuma kuliko hata fedha za mzee. Mwaka 1944 Jeshi la 14 la Uingereza chini ya Jenerali Slim huko Burma lilikuwa na upungufu mkubwa wa miavuli ya kudondoshea mizigo, ikaamuliwa itengenezwe ya juti, uzi uleule wa magunia, kutoka viwanda vya Calcutta. Mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) waliotoka kwetu Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilisonga kwenye Bonde la Kabaw katika mvua na matope hadi kuitwaa Kalewa mwezi Desemba, ikilishwa kwa mizigo iliyodondoshwa na ndege. Mwavuli wa juti kutoka Burma ni sehemu ya historia ya vita ambavyo babu zetu walipigana. Lakini wiki hii mchangiaji wa humu, tena mwenye cheo cha "mtambuzi", alioneshwa kipande cha juti chenye kamba na mihuri ya kijeshi, akajibu kwamba ni gunia la kawaida na mwenye nacho akitupe. Hakuomba picha ya mihuri wala hakuuliza kilipatikana wapi. Nimemwandikia mwenye nacho faraghani kumsihi asikitupe, na bado nasubiri jibu lake.

Kwa hiyo nawataka wasimamizi wa jukwaa waondoe tangazo la mwavuli wa Kolwezi, ambalo hadi ninapoandika bado lipo juu na linamvutia mnunuzi mwingine kwa seti ya pili, na wafute zile hukumu za "halisi kabisa" zilizotolewa chini yake bila picha ya mihuri, ya bizimu wala ya mahali pa lebo. Muuzaji naye namtaka amrudishie mzee fedha zake zote pamoja na gharama za usafirishaji, na kama anayo lebo aliyoifumua, aiweke hapa, mbele na nyuma, tuisome wote. Ikisema mwavuli huo ulitengenezwa baada ya Mei 1978, atueleze ulirukaje Kolwezi.